Zulia la Ukutani

Afisa forodha alifungua begi langu pale Bishkek
akakuta vipande kumi na viwili vya sabuni ya zeituni
na furushi la sufu ya kondoo wa kisiwani kwetu, Saaremaa.
"Za kuuza?"
"Za kuoshea."
Akanusa kimoja, macho kayafumba,
akafunga zipu taratibu.
Vilivyofika At-Bashy vilikuwa kumi na kimoja.

Burulkan hakunisalimu kama watu wanavyosalimiana.
Alinishika mikono yote miwili, akaigeuza,
kama mtu anayekagua soli za kiatu cha mtumba,
akatafuta sugu.
Alipoziona, akanimiminia chai.

Mgeni siku mbili; ya tatu nikapewa kamba.
Tukatandaza jamvi la matete, juu yake sufu,
juu ya sufu maji ya moto kutoka birika jeusi kwa masizi,
tukaviringisha, tukafunga, tukaliburuta gogo lile uani
huku wanawake saba wakilipiga mateke, nami wa nane.
Kitambaa hiki hakina mtande wala mshindio.
Unywele hushika unywele kwa sababu umepigwa,
umelowa, na hauna pa kukimbilia.
"Kama wakwe," alisema Burulkan.
Meerim, mjukuu wake, alichelewa kutafsiri,
nikacheka peke yangu, wenzangu wamekwisha kunyamaza.

Usiku nikamwonyesha shali yangu ya sufu na hariri,
ile iliyonipatia tuzo Tallinn.
Akaiinua mbele ya taa, akanitazama kupitia humo.
"Nzuri. Umemfumia buibui?"
Sikufuma! nilitaka kusema, wewe zaidi ya wote unajua sikufuma,
lakini Meerim alikuwa amelala,
na hasira isiyo na mkalimani
huishia kwenye kuosha vyombo.

Alfajiri aliweka sufu nyekundu juu ya nyeusi,
akachora kwa chaki pembe za kondoo dume,
akanipa kisu.
Tukakata zote mbili kwa pigo moja.
Pembe nyekundu zikaingia kwenye pengo la nyeusi,
pembe nyeusi zikaingia kwenye pengo la nyekundu.
Hakikubaki cha kufagia.
Mazulia mawili, jeraha moja.
Hili chukua wewe, akaashiria kwa kidevu. Hili langu.

Nami, huku Haapsalu, nikalitundika.
Ukuta mweupe, taa ndogo juu yake,
wageni wakilitazama, mikono nyuma,
wakishusha sauti kama waliofika kwenye msiba.

Mwaka wa tatu alikuja kufundisha darasa langu, mwezi Februari.
Nilimpeleka kuona bahari, hakuwahi kuiona,
na bahari ilikuwa imeganda hadi upeo wa macho,
magari yakipita juu yake kuelekea visiwani.
Akaipiga kwa kisigino. Akaipiga tena.
"Nani aliyeigandamiza hii?"
Kwa mara ya kwanza nilimsikia akimsifu mtu.

Nyumbani aliliona zulia.
Hakuuliza. Alivua buti, akapanda kiti,
akaling'oa pamoja na msumari na plasta ya ukuta,
akalilaza sakafuni, akafunua ukingo.
Viwavi wa nondo. Weupe, wanene, wenye shibe yao.
Na tundu, upana wa kidole gumba.

"Langu," alisema, na Meerim katika simu akatafsiri
kwa sauti iliyokatikakatika,
"lina chai, lina mafuta ya kondoo,
lina mkojo wa wajukuu tisa.
Tundu halina."

Akanivuta, tukasimama juu yake.
Nilikanyaga kwa ncha za vidole, kama mwizi.

"Kisigino," akaniambia, kwa Kiestonia,
neno alilowafokea wanafunzi wangu wiki nzima.